Kartiye ilichoka mbele ya wageni kufika: maneno niliyoambia vijana wa Katuba

(Maneno haya niliyasema mu sale ya parokia moja hapa Katuba, komini (sehemu) moja ya mji wa Lubumbashi, mbele ya vijana, wamama na bashefu ba avenyu (wakubwa wa barabara) wachache. Vijana waliomba niyaandike wayatume mu WhatsApp. Nimeyaacha karibu vile yalivyotoka mdomoni.)

Jambo yenu wote. Wamama, wapapa, vijana, na nyie mliokaa kule nyuma karibu na mlango, najua mko tayari kuponyoka, vumilieni kidogo.

Mmeniita niseme juu ya wageni, zaidi wale wanaotoka Kasai, na makartiye (mitaa) yetu. Wakati mlikuja kunialika nikauliza, mnataka niseme nini hasa? Mmoja wenu, namwona pale anacheka, akanijibu: "Mwalimu, useme tu ukweli, kartiye imeharibika tangu bale bantu bafike." Sawa, nimekuja kusema ukweli, labda si ule ulikuwa unangojea. Naona sisi watu wa Lubumbashi tuko wepesi sana kuona vitu viwili pamoja, watu wapya na avenyu iliyooza, halafu tunasema cha kwanza ndicho kimezaa cha pili. Ukichukua tarehe na kuzipanga moja baada ya ingine unakuta mara nyingi avenyu ilioza kwanza, bei ya nyumba ikaanguka, njo watu wapya wakafika, juu wao walikuwa wanatafuta nyumba ya bei ile ile.

Tuchukue mfano ambao wazee hapa wanaujua kuliko mimi, kampi ya Gécamines, makao ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba. Mimi nilizaliwa mule. Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati wa Wabelgiji, ndiyo ilijenga makampi, na wakati Leta (serikali) iliichukua mwaka 1967, mambo yaliendelea vile vile kwa muda: nyumba za matofali zimepangwa mstari, dispensere, masomo ya watoto, posho ya unga, maji, umeme, na mtu wa kampuni anapita kuangalia kama parseli imefagiliwa. Na mule mulikuwa nani? Mulikuwa Wakasai, Wabemba, Waluba wa Katanga, Waruund, Wahemba, Wasanga, hata watoto wa wale walioletwa kutoka Ruanda-Urundi. Ilikuwa mchanganyiko kuliko kartiye yoyote munaogopa leo, na kila mtu mu ville alikuwa anataka binti yake aolewe mu kampi! Hakuna aliyesema kampi ni chafu juu iko na makabila mengi.

Halafu ikaja miaka ya 1990. Mgodi wa Kamoto ukabomoka mwaka 1990, mwaka uliofuata wizi wa askari ukapita mu nchi nzima, na shaba ambayo mu miaka ya 1980 ilikuwa inatoka zaidi ya tani 450,000 kwa mwaka, mwaka 1993 haikufika hata 60,000. Mishahara ikaanza kuchelewa mwezi, kisha miezi, kisha watu wakaacha kuhesabu. Mwaka 2003 njo ile operesheni ya departi volontere (kuondoka kwa hiari), wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakapewa franga za mara moja na kuambiwa kwaheri, wengine walikuwa wamefanya miaka 30 ya kazi. Ile volontere yenyewe tuliielewa sisi wote vile ilivyokuwa.

Sasa papa ambaye alikuwa na mshahara, posho na dispensere, amebaki na nyumba tu. Atafanya nini? Anakata uwanja wa mbele anauzisha. Anajenga aneksi nyuma, ya kwanza ya matofali, ya pili ya matofali mabichi, ya tatu karatasi za chuma na mbao. Anapangisha. Parseli ambayo ilikuwa na familia moja sasa iko na familia inne, choo ni kile kile cha mwaka ile, tanki imejaa, maji machafu yanatoka mu avenyu. Na ule aliyepanga mu aneksi ya tatu ni nani? Ni mtu aliyeshuka mu treni juzi, juu yeye ndiye anaweza kukubali aneksi ya tatu. Basi jirani anapita anashika pua, anamwona mama mgeni anafua nguo kando ya yale maji machafu, na anasema: hawa watu ni wachafu.

Ile tanki ilijazwa na nani? Aneksi ilijengwa na nani? Franga ya lwaye (kodi ya nyumba) inaingia mfuko wa nani kila mwisho wa mwezi? Sisemi hivi ili nimtukane yule papa. Alikuwa anatafutia watoto bukari (ugali), na mimi ningefanya vile vile. Ninasema tu, kwa tarehe, kampi ilichoka mbele.

Na mji wenyewe, nitapita haraka hapa, vijana munafundishwa haya ku masomo. Union Minière ni ya mwaka 1906, mji ukaanza 1910, na tangu siku ya kwanza watu waliletwa: kutoka Rodezia, ng'ambo ya mpaka, kisha wakati reli ilifungua njia ya Kasai mwaka 1928, watu wengi zaidi kutoka kule. Wabelgiji walikaa upande wao, waafrika upande wao, katikati wakaacha nafasi tupu, wakisema ni juu ya magonjwa na mbu. Mwaka 1921 wakafungua cité Albert. Leo inaitwa Kamalondo. Kumbe kartiye ya kwanza ya mji huu kuwa na sifa mbaya ilipewa sifa ile mu karatasi za Leta, kabla hata watu hawajamaliza kuweka vitanda. Na hata kati ya wazungu kulikuwa madaraja: Mgiriki au Mwitaliano mwenye kaduka kadogo karibu na cité, Mbelgiji mkubwa hakumkaribisha mezani. Na leo? Siku timu ya Mazembe inacheza pale Kamalondo, magari kutoka Golf, kartiye ya matajiri, yanatafuta mahali pa kusimama na hayapati. Mbu wale wale wapo.

Sasa tuje ku siasa kidogo, nitajikaza nisiingie sana, kuna watu wa kila upande mu sale hii. Mwaka 1957 kulikuwa uchaguzi wa kwanza wa makomini, na mabourgmestre (wakubwa wa makomini) waliochaguliwa mu mji huu hakuna hata mmoja aliyekuwa mwenyeji wa Katanga. Mwaka 1958 Conakat, chama cha siasa cha wenyeji wa Katanga, ikazaliwa. Munajua kilichofuata, secession (kujitenga kwa Katanga) ya 1960 mpaka 1963, na ile kampi ya ONU ya mwaka 1961 ambamo makumi elfu ya Waluba wa Kasai walijificha nje ya mji. Na mwaka 1992, 1993, tukarudia. Wakasai waliitwa wadudu mu meetings, kwa mikrofoni, mchana. Wakafukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala ku gari moshi, mu masteshoni, wengine miezi, wakingojea behewa, na wengi walikufa pale pale mbele ya behewa kufika.

Nataka musikie hii vizuri, juu ni jibu la mtu aliyeniambia "bakienda kartiye itarudi". Walienda! Jaribio lilishafanyika, na bei yake ilikuwa maisha ya watu. Waliondoka na walimu, waliondoka na mafundi wa ateliye, waliondoka na watu waliokuwa wanajua kutengeneza mashine fulani ambayo hakuna mwingine aliyeijua. Nyumba zao zikauzwa kwa bei ya aibu au zikachukuliwa bure. Sasa waulizeni watu wa Likasi kama maji yalirudi mu bomba mwaka uliofuata. Waulizeni kama shaba ilipanda. Mimi niko na jamaa kule, nimeuliza, walinicheka.

Ninakuja kwa jambo ninalolijua kwa karibu zaidi, juu nililiona na macho. Kuna binti mmoja, muuguzi, aliyekuwa anatafuta nyumba, vyumba viwili na salon, akaniomba nimsindikize juu msichana peke yake bakomisyonere (madalali wa nyumba) wanamzungusha. Munawajua bakomisyonere, wanakaa chini ya mti na kibao kimeandikwa chokaa, nyumba ya kupangisha, parseli ya kuuzisha, na daftari lenye kurasa zimekunjwa pembe. Huyu wa kwetu alikuwa mtu mzuri tu, mcheshi. Akatupeleka. Nyumba safi, kaunta ya umeme iko, kisima kiko mu parseli, mwenye nyumba ni mama wa heshima, ametoa viti, ametupa maji ya kunywa. Wanaongea bei, wanaelewana, garanti (franga za kuweka mbele) ya miezi mitatu, na ndivyo sheria inavyosema kwa nyumba ya kuishi. Kila kitu sawa. Njo mama akachukua kalamu aandike karatasi, akauliza jina. Binti akataja jina lake lote.

Kalamu ikasimama. Mama akamwangalia komisyonere, komisyonere akaangalia viatu vyake. "Aaah, mama, nilisahau, kuna muntu alishapita asubui, tulikuwa tunamungoya." Kisha, juu alikuwa na huruma pia, akaongeza: "Lakini kama unaweza kulipa garanti ya miezi kumi, naweza kumwambia ule muntu aache."

Tukatoka. Komisyonere hakuona haya, au aliona na akaificha, akamwambia binti kwa sauti ya chini: twende ile kartiye ingine, kule ni watu wa kwenu, hawaulizi sana. Na yeye akaenda, juu alikuwa anaanza kazi siku ya kwanza ya juma. Sasa yuko kule, na ukipita kule utasikia watu wanasema "Hawa watu banapenda kukaa benyewe kwa benyewe, habapendi kuchanganyika." Yule mama wa heshima anaweza kusema vile mbele yako na roho safi, hata hakumbuki alichokifanya na kalamu.

Mimi naona pale ndipo makartiye yetu yanapikwa, mu daftari la komisyonere. Politiki anapiga kelele mu meeting, lakini ule mwenye daftari ndiye anayepanga nani ataishi wapi, mlango kwa mlango, miaka na miaka, na hakuna mtu anayemchagua wala kumtoa.

Bon. Kuna utafiti nataka niwaambie, wa Marekani, na musiniambie kule ni mbali, subirini. Mji wa Chicago, mwaka 1995. Watafiti walichukua gari, wakaweka kamera pande zote mbili, likatembea polepole mu maelfu ya vipande vya barabara likipiga video kila kitu: takataka, chupa, maandishi ku ukuta, nyumba zilizobomoka, watu wanaolewa barabarani. Baadaye watu wakakaa wakahesabu yale yote mu video. Upande mwingine wakauliza wakaaji wa makartiye yale yale: hapa kwenu fujo na uchafu viko kiasi gani? Robert Sampson na Stephen Raudenbush wakaweka majibu kando ya video, na mwaka 2004 wakaandika walichokuta. Uchafu wa kweli ulikuwa unahesabika kidogo mu majibu, lakini kilichokuwa na nguvu zaidi ni nani anakaa pale. Kartiye ikiwa na Weusi wengi na maskini wengi, watu waliona fujo nyingi kuliko ile kamera iliyoona. Na kitu kilichonishika mimi: hata wakaaji Weusi wenyewe waliona vile vile, si Wazungu peke yao. Ni kusema jina baya la kartiye linaingia mpaka mu macho ya wenyewe wanaokaa mule.

Chicago iko na historia yake, ya utumwa, ya ubaguzi wa rangi, siwezi kuibeba yote niiweke Katuba. Lakini lile la macho nalijua. Nyie vijana wa hapa, mukienda kuomba kazi mu ville, si kuna kati yenu wanaandika adresi ya mjomba anayekaa komini ya Lubumbashi? Usiku mwambie mwenye taxi akupeleke komini ya "Kenya" au "Katuba", si anaongeza bei au anafunga kioo? Na polisi wakishika mwizi, watu wanauliza kwanza ni wa kabila gani. Akiwa mtu wa Kasai habari inatembea mu simu zote kabla ya saa sita. Akiwa mtoto wa hapa hapa, anabaki kuwa kabwalala (mwizi) tu, kabila lake limepotea njiani.

Sasa kuna wageni wengine hatuwasemi kabisa. Tangu sheria ya migodi ya mwaka 2002 watu wamefika hapa kutoka China, India, Lebanoni, Afrika ya Kusini, wote juu ya shaba na kobalti. Wakapanga Golf na kando-kando. Bei ikapanda kwa dola, familia za zamani zikauzisha parseli, watoto wao wakaenda kujenga mbali, kule ambako zamani tulienda kulima. Kama kuna watu waliotolewa mu kartiye yao na wageni ni hawa. Lakini hujasikia mtu amesimama na mikrofoni juu ya jambo lile! Tunasema Golf imeendelea. Ukuta umepanda, waya ya umeme juu, kila parseli imechimba fora (kisima kirefu) yake, na nje ya geti bado kuna avenyu ziko na mashimo yanayomeza gurudumu. Mchina ametoka mbali kuliko Mkasai, hajui kusalimia jirani, hata jina la shefu wa avenyu halijui, lakini kufika kwake kunapandisha jina la kartiye, na kufika kwa mama aliyebeba kifurushi kunalishusha. Franga ndiyo inahesabiwa pale, si ugeni.

Nisiwe kama mtu anayepaka kila kitu sukari. Watu wakiongezeka, mambo yanabana, ni kweli. Tangu vita ya Kamuina Nsapu kule Kasai mwaka 2016 na 2017, ambayo ilikimbiza watu zaidi ya milioni moja, na tangu bei ya kobalti ilianza kuvuta kila kijana mwenye mikono miwili, darasa lililokuwa na watoto arobaini limejaa mpaka dirishani. Kisima kinakauka mapema. Manseba, wale wa taksi za pikipiki, wanaendesha kama hawana mama, na hilo nitalisema hata mbele yao. Kuna watu wanafika hawajui kwamba hapa takataka za mu parseli hazimwagwi ku karavo (mfereji wa maji) la jirani, na wanatakiwa kuambiwa, kwa sauti ya kawaida, kama vile baba zetu waliambiwa. Mtu anayesema haya hana ubaguzi. Lakini angalieni kila moja ya haya inatengenezwa na nini. Darasa linatengenezwa na darasa lingine. Kisima kinatengenezwa na bomba. Karavo linatengenezwa na koleo na mtu wa komini anayefanya kazi yake. Hakuna hata moja inayotengenezwa na kumuuliza mtu jina lake lote.

Na wale wapya wanafanya kitu pia, tusijifanye hatuoni. Nani amefungua zile duka ndogo za mahindi na mafuta mpaka saa nne za usiku mu avenyu ambayo zamani ilikuwa giza tupu? Avenyu yenye watu na taa ndogo inawaka mbele ya meza ya mikate, mwizi anaiogopa kuliko avenyu yenye heshima isiyokuwa na mtu. Mama mmoja hapa mbele anatikisa kichwa kwamba ndiyo, nafikiri ni mteja wao.

Basi hotuba yangu imefika hapa, lakini sitawaacha muende na maneno tu. Nimeongea na bashefu ba avenyu wawili na wamekubali. Jumamosi ijayo tunafanya kama wale wa Chicago, bila gari. Kikundi cha kwanza kinachukua avenyu moja ya hapa Katuba na moja ya Kenya, kila moja mwanzo mpaka mwisho, na kuandika kile mnachokiona tu: karavo ngapi zimeziba, balbu ngapi zinawaka, mashimo mangapi, takataka wapi. Marufuku kuuliza nani anakaa wapi. Kikundi cha pili kinaenda avenyu zile zile siku ya pili, hakitazami karavo hata moja, kinauliza tu watu: hapa pakoje, na kule kwa wenzenu pakoje? Vijana wa Katuba wataandika ya Kenya na wa Kenya wataandika ya Katuba, musije mukahurumia kwenu. Karatasi nitaleta mimi, kalamu kila mtu aje na yake. Tunakutana hapa hapa saa mbili za asubuhi, na wanaotoka ku misa ya kwanza tutawangojea kidogo, kidogo tu.

Sasa maulizo. Mama ule wa kitambaa cha kijani alinyanyua mkono zamani, tuanze na yeye, halafu yule kijana aliyeniambia niseme ukweli, juu naona ameshaandika ukurasa mzima.